Upande wa Nyuma wa Cheti

Siku moja baada ya sala ya Alasiri alitujia mama mmoja mtu mzima, mkononi ana bahasha kuukuu. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi cha marehemu baba yake, askari wa King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alikuwa amesikia kwamba kamati inapiga picha karatasi za wazee waliopigana Vita Kuu ya Pili, ziwekwe katika intaneti ili wajukuu walio mbali wazisome. Tukaipiga picha karatasi yake, tukamrudishia.

Baada ya masika alirudi. Maji yalikuwa yameingia nyumbani mwake na cheti kimeoza. Akaomba ile picha. Tulipofungua kompyuta tulikuta mamia ya picha, kila moja na namba iliyopewa na simu, wala hakuna iliyotaja mwenyewe. Tulipekua siku mbili. Tuliipata, lakini ilikuwa ya upande wa mbele tu. Upande wa nyuma, ulioandikwa mahali alikotumikia baba yake, hatukuupiga. Mama yule hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Hapo tulifahamu kwamba kukusanya si kuhifadhi. Wanazuoni hawapokei habari isiyo na sanad. Na karatasi ya vita isiyojulikana ni ya nani na imetoka wapi haimfai mtafutaji.

Jambo hili si dogo. Askari wa Keya walikwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Taarifa za majeshi hutaja vikosi na maofisa. Askari wa kawaida hutajwa kwa nadra. Kwa wale wa Vita Kuu ya Kwanza hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi walioachia mtaa wa Kariakoo jina lake wamo katika kundi hilo. Mtu wa namna hiyo, pengine ushahidi wake pekee ni karatasi iliyo chini ya sanduku la bibi.

Kwa hiyo tulianza upya. Kila karatasi sasa hupewa namba yake, nayo hupigwa picha mbele na nyuma, hata kama nyuma ni tupu. Jina huandikwa kama lilivyo katika karatasi, kisha kando yake namna nyingine za kuliandika. Kwani karani aliyemwandika Athumani huenda aliandika Othman, au Asumani, na mjukuu atatafuta kwa lile analolijua. Huandikwa pia namba ya jeshi, kikosi, tarehe, na nani aliyeileta. Zilizofungwa pamoja hubaki pamoja. Nakala huwekwa mahali pawili, na asili hurudi kwa wenyewe. Yenye siri ya familia hayatolewi hadharani bila ya idhini yao.

Nanyi wenye karatasi hizo, msingoje kamati. Leo jioni kaeni na mzee aliyebaki nyumbani, mwulizeni ni nani huyu katika picha, kisha andikeni jibu lake katika karatasi nyingine na kuiweka pamoja nayo. Picha itapigwa hata mwakani. Mwenye kulijua jina huenda asiwepo.

Wabillahi tawfiq.