Kinanda cha Santuri: Tukiuze au Tukitengeneze?

Vijana wetu hushauri kinanda cha zamani cha santuri kiuzwe, kinunuliwe kipya. Mimi sikubali. Vingi katika hivyo vipya vina miendo miwili tu: mizunguko 33 na 45 kwa dakika. Basi zile sahani za 78 za wazee, mfano wa alizoimba Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, tutazisikiliza kwa nini? Zikikosa kinanda zitaishia jaani.

Mara nyingi kinachokwaruza sahani ni sindano iliyokwisha, wala si uzee wa mashine. Badilisha sindano na ukanda wa mpira. Ila sahani ya 78 ina mfereji mpana, yataka sindano yake mbali. Mota ikifa kabisa, haya, nunua chenye mwendo wa 78. Cha zamani apewe fundi, apate vipuri.