Mzimu wa Mpanda havai gauni jeupe

Juzi kijana mmoja wa Mpanda aliniletea hadithi yake ya kutisha niisome. Ukumbi wa kale wa maigizo, pazia jekundu la mahameli, kinanda kinachojipiga chenyewe usiku wa manane, na mwanamke mwenye gauni jeupe anayeshuka ngazi bila miguu. Lugha yake safi, sina ugomvi nayo. Nikamuuliza: mdogo wangu, ukumbi huu uko wapi? Makanyagio? Au pale stesheni, treni ya Kaliua inapoishia? Akacheka. "Kaka, kwetu si hakuna ukumbi wa kihistoria. Nikaona niazime."

Kuazima si dhambi. Lakini hebu tuangalie alichoazima.

Theatre Royal ya Drury Lane, London, ina mzuka maarufu, bwana mwenye mavazi ya kijivu. Husemwa kwamba huonekana mchana, juu kwenye viti vya watazamaji, wakati wa mazoezi. Waigizaji wakisikia ameonekana hufurahi, maana eti ni dalili kwamba igizo litapata watu. Bwana huyo anakaa, anatazama, anaondoka. Hamdai mtu chochote. Ni sehemu ya burudani, kama karanga za kununua mlangoni.

Kwetu mzimu ni mdai. Anarudi kwa sababu kuna jambo halijamalizwa, na aliye hai anatakiwa afanye kitu. Ndiyo maana kuna tambiko. Hadithi ya mzimu isiyo na deni ni kelele za gizani tu.

Na msiniambie majumba ya maigizo ya Afrika Mashariki hayana wafu wake. Ukumbi wa Taifa wa Uganda, Kampala, ulifunguliwa 1959. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akiuongoza, aliuawa na watu wa Idi Amin, baada ya igizo lake *Oluyimba lwa Wankoko* kuchezwa katika tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka huohuo. Mwandishi mwenye kisa kama hicho anamtafuta mwanamke wa gauni jeupe wa nini?

Jukwaa la Kiswahili nalo halikuwaona mizimu kuwa pambo. Ebrahim Hussein, katika *Kinjeketile* ya 1969, anamfanya Hongo amchukue mtu mtoni, naye anarudi na maji yanayowapeleka watu vitani. Katika *Mashetani* ya 1971, vijana wawili wanacheza shetani na binadamu, na mchezo unamwacha mmoja wao, Kitaru, mgonjwa. Kwa Hussein mzimu haketi nyuma na watazamaji. Anapanda jukwaani, na akishuka watu hawabaki walivyokuwa.

Sasa turudi Mpanda. Ni kweli, mahameli hatuna. Lakini ukitoka mjini ukapita Sitalike, ukaingia hifadhini, karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju unaosimuliwa kuwa ndimo anamoishi mzimu wa Katabi, mwindaji wa masimulizi ya Wabende. Watu huacha sadaka chini yake wakiomba baraka. Pale pana mahali palipotengwa, pana maneno yenye utaratibu, pana anayesema na pana asiyeonekana anayesikiliza. Mnataka jukwaa gani tena?

Na kisa chenyewe ni kikali. Katabi alikuwa mwindaji. Hifadhi ya Taifa yenye jina lake ilianzishwa 1974, na mwaka 2012 mkoa mzima ukapewa jina hilohilo. Ndani ya hifadhi kuwinda ni jinai. Yaani mjukuu wa Katabi akiingia na upinde ni jangili, na hati ya mashtaka itaandikwa jina la babu yake kule juu: Mkoa wa Katavi. Sisemi tembo wachinjwe, hifadhi naipenda. Nasema hiyo ndiyo tamthilia, na hatujaiandika. Tumewaachia watu wa vipeperushi vya utalii, nao wamemweka Katabi kwenye orodha moja na viboko na mamba, vitu vya kwenda kutazama.

Ipo hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Kuna watakaosema: achana na mizimu, ushirikina umetuua. Ni kweli. Huku kwetu magharibi na Kanda ya Ziwa, bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa kuni wa miaka yote hiyo jikoni. Mwandishi anayechezea mambo haya bila kufikiri anabeba lawama.

Lakini jiulizeni ni hadithi ipi inayoua. Ni ile ya mwanamke wa ajabu anayetembea usiku, hana jina, hana kisa, kazi yake kutisha tu. Msomaji wa London atamwacha kwenye kitabu. Huku kwetu atavuliwa gauni jeupe na kuvishwa kanga ya jirani. Katabi hamnyoshei bibi yeyote kidole. Anamgeukia anayesikiliza na kumuuliza: jina langu mmelichukua, mimi mmenipa nini?

Hadithi ya kijana nimemrudishia. Sikufuta hata neno. Niliandika pembeni tu: huyu mwanamke anadai nini, na anamdai nani? Usiku akanipigia simu. Anasema ameanza upya, chini ya mkwaju, kuna mzee ana sadaka mkononi na yuko nje ya geti. Halafu akasita. "Kaka, nikiandika hivi wakubwa hawatakasirika?"

Nikamwambia, sasa umeanza kuogopa kitu cha kweli. Endelea kuandika.