Kishikwambi si Mwalimu

BAADA ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia wananchi viligawiwa kwa walimu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini kuhesabu watu ni kazi moja, na kumjua kila mtoto aliyeketi darasani ni kazi nyingine.

Nachingwea, na Ruangwa iliyokuwa sehemu yake hadi 1995, zina somo la kutupa kuhusu jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, na reli ikatandikwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Waliouandaa walizijua mashine zao. Mvua na udongo hawakuvijua.

Udongo wa mwalimu ni mwanafunzi. Katika darasa moja la tatu, mtoto asomaye kitabu bila kusita huketi dawati moja na mwenzake ambaye bado anahangaika kuunganisha silabi. Yupo aliyeanza shule akiwa amezoea Kimwera nyumbani. Yupo aliyekosa vipindi msimu wa korosho. Kuwafundisha wote jambo lile lile kwa mwendo ule ule ni kuwachosha waliotangulia na kuwatupa walio nyuma. Kuwaonyesha wote picha ile ile katika kishikwambi hakubadili lolote.

Hapana budi mwalimu aanze kwa kupima. Amsikilize kila mtoto akisoma mistari michache, kisha awagawe katika makundi. Wanaoanza wasikilize hadithi fupi aliyoirekodi kwa sauti yake mwenyewe, huku wakifuata maneno kitabuni. Waliotangulia wapate, kwa zamu yao, kitabu kilichopakuliwa mapema kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu mwenyewe akae na kundi linalomhitaji zaidi. Kishikwambi kimoja kinatosha kuanza, na wakati wa kipindi hakihitaji mtandao.

Nchi yetu imekwisha kuifanya kazi ya namna hii. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, takriban watu milioni 2 walijifunza kwa redio. Lakini redio haikuachwa peke yake: palikuwa na vijitabu, vikundi vya kujifunza, na viongozi waliofundishwa kuviongoza. Chombo kilitumika; binadamu ndiye aliyefundisha.

Ni wajibu wa Chuo cha Ualimu Nachingwea, na vyuo vingine vyote, kumzoeza mwalimu mtarajiwa kumpima mtoto kabla ya kuwasha chombo. Maafisa Elimu Kata na wathibiti ubora nao wabadili swali lao. Wasiulize shule ina vishikwambi vingapi. Waulize ni mtoto gani aliyekuwa hajui kusoma mwezi uliopita na sasa anasoma.

Kishikwambi kinachotuma takwimu ofisini tu, au kinachofungiwa kabatini kisije kikaharibika, bado hakijamfikia mtoto. Tusikubali Nachingwea na Ruangwa zishuhudie kwa mara ya pili mashine nzuri zikishindwa kwa sababu tu wenye kuzileta hawakuupima udongo.