Kiraka Si Aibu: Tushone Mifarishi Midogo

Nimeshika kalamu ili nilitetee neno moja ambalo limedharauliwa mno hapa shuleni, nalo ni neno kiraka.

Hebu sikiliza jinsi tunavyolitumia. Barabara mbovu tunaiita barabara ya viraka. Anayechanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja tunamwambia anaongea lugha ya viraka. Na mwenzetu akija darasani na sweta iliyotiwa kiraka kiwikoni, vicheko huanzia dawati la mbele vikaishia la nyuma kabisa. Namjua msichana wa Kidato cha Kwanza aliyekaa muhula mzima ameuficha mkono wake wa kulia chini ya dawati. Hakuuinua hata mara moja kujibu swali, ilhali majibu alikuwa nayo, maana mtihani ulipokuja alitushinda wengi. Kiraka cha inchi mbili kikamfunga mdomo! Jamani, hilo si jambo la kuchekea.

Dawa ninayoipendekeza huenda ikawashangaza: tushone viraka zaidi. Tuvishone kwa makusudi, kwa rangi tulizozichagua wenyewe, mpaka kila mtu bwenini awe na chake.

Kitu ninachokisema, kamusi hukiita mfarishi. Nyumbani wengi husema blanketi la viraka. Mfarishi mkubwa wa kitandani ni kazi ya miezi, na mwanafunzi wa bweni hana miezi. Ana Jumamosi alasiri moja, na hiyo pia imegawanywa na kufua nguo. Ndiyo maana nauzungumzia mfarishi mdogo, wa sentimita 30 kwa 30. Unaweza kuukalia, ukautundika ukutani, au ukauweka chini ya sufuria ya moto ukifika nyumbani. La muhimu ni kwamba unaisha. Mtu anauanza mwezi wa kwanza, na kabla ya likizo ya kwanza ameumaliza kwa mkono, bila cherehani.

Wacha niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani ni kuparaganya vitambaa tu. Mfarishi una matabaka matatu: uso wa viraka, mgongo wa kitambaa kimoja, na katikati ujazo, ambao unaweza kuwa kipande cha blanketi kuukuu. Kwa uso unahitaji miraba tisa, safu tatu za mitatu mitatu. Sasa hapa ndipo hesabu inapoingia. Ukitaka kila mraba uonekane sentimita 10, usikate 10. Kata 12, kwa kuwa kila upande utameza sentimita moja kwenye mshono. Aliyekata 10 atamaliza akiwa na uso wa sentimita 24, abaki akimlaumu shetani. Unashona mitatu kuwa safu, kisha safu kwa safu, huku mishono ya safu hii ukiilaza kulia na ya safu ifuatayo ukiilaza kushoto, ndipo pembe zikutane bila kuvimba. Baada ya hapo unaweka matabaka yote matatu pamoja, unayashikiza kwa mishono mirefu yasitembee, halafu unapiga bandi ndogondogo zinazopenya hadi mgongoni. Bandi hizo ndizo zinazoufanya mfarishi uwe mfarishi. Bila hizo una foronya iliyoshiba.

Tena chagua vitambaa kwa akili. Pamba hukunjika vizuri na hutulia. Satini huteleza na kufumuka nyuzi kabla hujaitia sindano. Kitambaa cha fulana huvutika, basi ukikiunganisha na kitenge, kimoja kitanyooka na kingine kitakunja uso kama mzee aliyelambishwa ndimu. Na leso mpya ifue kwanza! Kama inachuja rangi, heri ichuje kwenye karai kuliko kwenye kazi yako ya wiki sita.

Lakini raha yenyewe iko kabla ya sindano, pale unapoitandaza miraba tisa kitandani na kuanza kuihamisha. Huu mwekundu ukae katikati au pembeni? Huu wa maua ukikaribiana na ule wa mistari, je, watagombana? Hakuna mwalimu wa kukuambia jibu. Ukiuhamisha mmoja tu, yote minane mingine inabadilika machoni.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu tuliyoyaiga. La hasha. Hapa kwetu pwani, husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilizaliwa kwa mshono. Katika karne ya 19 akina mama wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mkono, zile vitambaa vya mraba ambavyo Wareno ndio waliotuachia jina lake. Walichukua sita, wakaziunganisha tatu kwa mbili, wakapata vazi moja la kujitanda. Baadaye wafanyabiashara wakaona heri wachapishe kitambaa kizima. Kwa hiyo bibi zetu waliunganisha miraba kabla hata neno mfarishi mdogo halijasikika katika chama chetu.

Nendeni mbali kidogo, mvuke Bahari ya Hindi. Katika jimbo la Karnataka huko India kuna jamii ya Wasiddi. Hao ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa, na miongoni mwa mababu zao walikuwamo watu wa upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Akina mama wa Kisiddi hushona mfarishi uitwao kawandi kutokana na nguo kuukuu. Wao hawashoni miraba kwanza kama nilivyoeleza. Huanza ukingoni, wakabandika kiraka baada ya kiraka huku bandi zikizunguka nao, mpaka wakutane katikati. Wakimaliza, hutia pembeni vipande vidogo vilivyokunjwa, waviitavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na maua hayo huhesabiwa kuwa iko uchi. Mimi jambo hilo limenikaa moyoni. Mtu hana kitu ila nguo zilizochakaa, na bado hakubali kazi yake itoke bila maua.

Na kule Gee's Bend, kijiji kilichoko Alabama, Marekani, akina mama weusi ambao wazee wao walikuwa watumwa katika shamba la pamba walishona mifarishi kwa suruali na mashati ya kazi yaliyokwisha, ili watoto wao wasipigwe na baridi. Katika baadhi ya mifarishi hiyo bado unaona pale goti lilipopaukia na pale mfuko ulipobanduliwa. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani iliitia kwenye stempu. Viraka vya magoti, waungwana! Sisi tunamcheka mtu kwa kimoja cha kiwikoni.

Nijuavyo, pingamizi hazitakosekana. Wavulana wameshaniambia ati sindano ni ya wasichana. Ebo! Shuka mjini siku ya soko uangalie barazani mwa maduka. Ni nani aliyeketi nyuma ya cherehani, futi ya kupimia shingoni? Mara nyingi ni baba wa watu, tena analisha familia na kusomesha. Mvulana huyohuyo anayeidharau sindano humpelekea mwenzake soda ili amshonee kifungo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo limetoka kwa mwalimu ninayemheshimu. Alisema kwamba kazi hii haina alama, haitatahiniwa, na muda wa mwanafunzi ni dhahabu. Kwa heshima zote, mwalimu, hapo ndipo ninapoipendea. Tangu kengele ya alfajiri hadi taa kuzimwa, hakuna tukifanyacho ambacho hakipimwi. Insha ina alama, usafi wa kitanda una alama, hata mbio za asubuhi zina wa kwanza na wa mwisho. Mfarishi wangu haujawahi kuwa wa ishirini na saba. Ukienda kombo naufumua, na hakuna rekodi inayowekwa popote.

Kwa sababu iyo hiyo sikubaliani na wenzangu wa chama wanaotaka tushone dazeni tatu tuwauzie wazazi siku yao. Fedha ni tamu, nakubali, na chama chetu hakina hata ya kununulia chaki. Lakini tukishaandikiwa kwamba itakiwe 36 kabla ya tarehe fulani, kila mmoja atakata rangi zilezile ili amalize haraka, na ile saa ya kuhamisha miraba kitandani itakuwa ya kwanza kufa. Akitaka mtu kuuza wake, na auze. Chama kisichukue oda.

Ninachowaomba walimu ni vitu viwili tu. Sheria inakataza mikasi bwenini, na sina ugomvi nayo, kwani bweni la watu arobaini si mahali pa kuacha mikasi ovyo. Basi mikasi mitatu iwekwe kwa matroni katika kikapu, itolewe na kuhesabiwa. Pili, tupewe chumba cha chama saa moja kila Jumamosi, baada ya kufua. Vitambaa havitatugharimu hata senti. Mafundi walio nje ya lango la shule wameshakubali tuchukue vipande wanavyovifagia jioni, na mmoja ametuahidi bitana za kutosha migongo kumi.

Yule msichana wa sweta sasa yuko Kidato cha Pili. Nilimwonyesha miraba yangu, akaniambia kwamba ule wa kijani ninaupoteza pale pembeni. Nikauhamisha. Alikuwa na haki. Wa kwanza atakayenijia na vipande tisa vya sentimita 12, mvulana au msichana, nina sindano ya kumpa na kastabini ya kumwazima.

Mwanachama, Kidato cha Tatu