Tanzania: Marufuku ya mkaa yapita kando ya majiko ya mama lishe

Alfajiri, kabla daladala za kwanza hazijajaa abiria, majiko ya mkaa huwa yamekwisha kuwashwa pembezoni mwa vituo vya mabasi, masoko na maeneo ya ujenzi jijini Dar es Salaam. Hapo ndipo mama lishe hubandika maharage, huchemsha supu na kukanda unga wa chapati kwa ajili ya vibarua, madereva na wachuuzi wasiomudu bei ya hoteli. Mtaji wa biashara hiyo ni mdogo, lakini jiji lingepata taabu kufanya kazi bila yake. Ni biashara hiyo pia ambayo sera ya nishati safi ya kupikia bado haijaifikia ipasavyo.

Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi za umma na za binafsi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kutumia kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu upishi safi barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola za Marekani bilioni 2.2.

Sababu za hatua hizo hazina ubishi. Takwimu za serikali zinakadiria kuwa nchi hupoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka, na mkaa ni mojawapo ya visababishi. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee. Anayeinamia jiko kuanzia alfajiri hadi alasiri huvuta moshi huo kwa saa nyingi kuliko mteja wake.

Hata hivyo, kipimo cha watu 100 kina mwanya. Shule, gereza au kambi huonekana na hukaguliwa kwa urahisi. Kibanda kinachouza sahani 60 kwa siku kiko nje ya agizo, lakini vibanda kumi vilivyopangana kando ya soko moja vinalisha watu 600, na vyote vinaweza kuendelea na mkaa bila kuvunja agizo lolote. Sheria inahesabu walaji wa mlango mmoja, ilhali msitu hukatwa kwa jumla ya milango yote.

Kudhani kwamba mama lishe anang'ang'ania mkaa kwa kutojua madhara yake ni kumkosea haki. Hesabu yake ni ya siku moja: mauzo ya leo ndiyo hununua mchele, mafuta na mkaa wa kesho. Mkaa huuzwa kwa kopo, kwa ndoo au kwa gunia, hivyo hununuliwa kulingana na fedha iliyopo mkononi. Gesi hudai kiasi kikubwa kwa mkupuo, na ikiisha maharage yakiwa nusu mbichi, hasara ni ya siku nzima.

Serikali imeweka ruzuku ya hadi nusu ya bei kwa mitungi ya kilo 6. Kwa familia, hilo ni jambo la maana. Kwa mama lishe, mtungi huo una kasoro mbili. Jiko lake la juu ya mtungi ni dogo kwa sufuria kubwa ya ugali, ambayo husongwa kwa nguvu na huhitaji mahali imara pa kukaa. Pili, ruzuku inagusa mtungi, si ujazo unaofuata. Mwezi wa kwanza gesi inawaka. Mwezi wa pili mtungi unaweza kugeuka kuwa kigoda.

Wapo wanaouliza kwa nini gesi iwe ghali katika nchi yenye visima vya Songo Songo na Mtwara. Jibu ni kwamba gesi asilia ya huko ni tofauti na ile inayojazwa kwenye mitungi, ambayo huagizwa kutoka nje na kufuata bei ya dunia na thamani ya dola. Kodi nayo ina uzito wake. Kenya ilirejesha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia mwaka 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa mwaka 2023. Mpishi mdogo hawezi kupanga biashara yake juu ya bei inayoyumba hivyo.

Marufuku peke yake pia ina mipaka, tena mipaka yenyewe huvukwa. Kenya ilipozuia ukataji wa miti mwaka 2018, mkaa uliendelea kuingia kutoka Uganda, hadi Rais Yoweri Museveni alipopiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi yake mwaka 2023. Uhitaji usipopungua jikoni, shoka huhamia msitu wa jirani.

Zipo hatua ambazo hazisubiri mkutano. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Jiko banifu na sufuria yenye kifuniko hupunguza mkaa, na akiba hiyo huonekana siku hiyohiyo. Mfumo wa kulipia gesi kidogokidogo kwa simu unafanana na mwendo wa fedha ya kibandani kuliko mtungi wa kulipia kwa mkupuo. Penye umeme, jiko la presha hupika maharage kwa nishati kidogo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme nchini, ingawa bado waya haujafika chini ya mwembe wa mama lishe.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Mwezi Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo waliondolewa kwenye barabara za Dar es Salaam na kuelekezwa maeneo mengine. Anayejua kwamba kibanda chake kinaweza kubomolewa hatajenga jiko la kudumu wala kuomba mita ya umeme. Atabaki na jiko analoweza kulibeba kichwani. Uhakika wa mahali pa kufanyia kazi ni sehemu ya sera ya mazingira, hata kama hauandikwi humo.

Rwanda, iliyotangulia kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, inajua kwamba katazo hushika pale ambapo kibadala kipo dukani. Kwa wapishi wa Nyamirambo na wa Rubavu, ambao nao huwasha majiko kabla ya jua, somo la Tanzania liko karibu: kabla ya kuuliza nani bado anatumia mkaa, ni vyema kuuliza angeuacha kwa fedha ipi, na akiwa amesimama wapi.