Msitu Wetu Usiuzwe kwa Matusi

Katika mwaka wa 1957 ilitolewa huko Marekani filamu iitwayo Bayou, iliyopigwa katika vinamasi vya Louisiana, ikisimulia habari za kijana msanifu majengo kutoka New York aliyempenda binti wa watu wa kinamasi, akalazimika kupambana na jabari wa mahali pale aliyemtaka binti huyo huyo. Walakini haikupata watazamaji wa haja, ikawekwa kando. Miaka minne baadaye mfanyabiashara mmoja, Michael Ripps, akaichukua, akaitia vipande vichache vipya, kisha akaibadili jina ikawa Poor White Trash, maana yake Wazungu mafukara walio kama takataka. Na hadithi ile ile iliyokosa soko ilipokuwa na jina la heshima, ilipopewa jina la tusi ikazunguka miaka mingi ikijaza viwanja vya sinema za wazi, ambako watu hutazama wakiwa wamekaa ndani ya magari yao.

Sisemi haya kwa kuidharau filamu ya gharama ndogo. Sinema hizo za kutazamwa ndani ya magari, ambazo kwetu Afrika ya Mashariki zilijulikana vyema Nairobi, na Dar es Salaam tangu mwaka 1966, zilihitaji filamu nyingi na za upesi, nao watengenezaji kama Roger Corman, aliyekwenda Louisiana kupiga Swamp Women ya mwaka 1956, hadithi ya wanawake watoro wa gereza wanaotafuta almasi zilizofichwa kinamasini, waliziandaa kwa fedha haba. Uhaba wa fedha si aibu. Aibu ni kumfanya maskini mwenyewe kuwa bidhaa, na makazi yake kuwa pango la wanyama, ili mtu wa mjini apate kustarehe kwa kujiona bora.

Sisi wa Mavivi, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, tuna sababu ya kulifikiri jambo hili. Njia itokayo Beni kwenda Oicha yapita kwetu, uwanja wa ndege uko kwetu, na ng'ambo ya mashamba ya kakao umesimama msitu, ambao tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika wilaya hii, walio mbali hawautaji ila pamoja na panga na maiti. Wala ada hiyo haikuanza jana. Mwongozaji wa filamu John Huston alipokuja Kongo na Uganda kupiga The African Queen, iliyotoka mwaka 1951, matete, matope na ruba vilipewa nafasi kubwa katika hadithi yake kuliko wenyeji wa Afrika, ambao waonekana kidogo, kisha wasahauliwa. Hapana shaka hatari ya msitu wetu ni ya kweli, na wajane na mayatima ni mashahidi. Lakini msitu haukuua mtu. Walioua ni watu, nao wana majina na sababu zao, na kila asemaye kwamba ni giza la msitu tu huwafunika wauaji kwa majani.

Dawa ya ada hiyo si kunyamaza. Mwaka 1972 Charles B. Pierce, mtu wa matangazo ya biashara kutoka Texarkana, alitengeneza The Legend of Boggy Creek, habari za dubwana lenye manyoya linalosemekana kuzurura vinamasini karibu na kijiji cha Fouke, Arkansas. Naye, kwa kuwa alikuwa jirani wa watu wale, aliwaingiza wanakijiji wenyewe katika filamu, wengine wakiigiza yaliyowapata. Yeye pia aliuza hofu, lakini hakuuza dharau. Na karibu nasi zaidi, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitoa mwaka 2010 filamu yake Who Killed Captain Alex?, wachezaji wakiwa majirani, bunduki zikiwa za vyuma chakavu, na watu wakacheka na kushangilia bila ya kumfanya yeyote kuwa takataka.

Basi nawaomba vijana wa Beni na Butembo wenye kamera, na wenye vibanda vya video, penye jenereta na mabenchi ya mbao, wasingoje mgeni aje awasimulie msitu wao. Na watengeneze filamu za mapenzi, za wivu, za mirathi, hata za kutisha, kwa fedha kidogo walizo nazo. Humo msitu uwe kama tunavyoujua, yaani shamba, kuni, dawa, mpaka wa ugomvi, njia ya kukimbilia na mahali pa kuogopa. Na siku filamu hiyo itakapotangazwa kwa kipaza sauti barabarani, jina lake liwe ni lile ambalo mkulima wa kakao, arudipo jioni na gunia lake, aweza kulitamka mbele ya watoto wake bila ya kuinamisha uso.