Silia bandia zishindane na karatasi, si na maabara

Leo tuiweke programu kando kidogo, tuongee majimaji.

Silia ni vinywele vidogo mno vinavyopiga maji. Viko kwenye njia yako ya hewa, vikipandisha makohozi yatoke. Viko pia kwenye matumbawe kama yale ya Watamu. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba tumbawe halingoji mkondo wa bahari tu, bali hutumia silia kuyakoroga maji yaliyo karibu nalo.

Sasa mafundi wanaziiga. Mwaka 2008 kundi la Jaap den Toonder, Uholanzi, lilichapisha kazi ya silia bandia za kuchanganya majimaji. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kikaonyesha silia za platinamu, urefu mikrometa 50 hivi, zinazopinda kwa volti 1 tu. Betri ya saa ya ukutani ina 1.5! Tena zimepangwa kwa mafungu, kila fungu linapewa amri yake. Kwetu waandishi wa programu hiyo ni habari kubwa: mkondo wa maji unaandikiwa amri.

Kwa nini ni vigumu? Ndani ya mfereji mwembamba kama unywele, maji hayana purukushani. Majimaji mawili hupita sambamba bila kuchanganyika upesi. Ukipiga mbele na nyuma kwa namna ile ile, maji yanarudi pale pale. Mpiga kafi wa Mida huvuta kafi likiwa majini, akalirudisha hewani. Silia haiwezi kutoka majini, basi huenda imenyooka na kurudi imejikunja.

Tumeahidiwa "maabara ndani ya chipu" miaka mingi. Mara nyingi tunachopata ni chipu ndani ya maabara: chipu sawa na kucha, lakini pampu na mirija vimejaa meza. Silia zinaiingiza pampu ndani ya chipu. Vizuri.

Lakini huku kwetu, kuanzia Ganze hadi Marafa, mpinzani wake si pampu. Ni kile kipimo cha haraka cha malaria. Tone la damu, karatasi inanyonya yenyewe, na baada ya dakika 15 hadi 20 unasoma mstari. Hakuna betri wala programu.

Karatasi inashindwa wapi? Haihesabu vimelea. Vipimo vingi hutafuta protini ya HRP2, ambayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya matibabu. Na huko Eritrea, Djibouti na Ethiopia vimepatikana vimelea visivyotoa protini hiyo kabisa. Kipimo cha DNA kinaweza kuvinasa, ila kinataka kupasua seli, kuosha na kuchanganya, hatua baada ya hatua. Hapo ndipo silia zina kazi.

Msimamo wangu ni huu: asituletee mtu silia za kufanya kile ambacho karatasi inafanya tayari. Na zisijaribiwe kwa maji safi pekee. Damu hunata na kuganda. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, kuna joto, kuna vumbi, kuna muuguzi mmoja mwenye foleni ya kina mama na watoto wenye homa. Kifaa kikifaulu mikononi mwake, hapo tutakiita maabara.